Nyota Itetemayo na Ushahidi Wake

Msomaji, wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa barazani, lakini katika elimu ya nyota neno halikubaliwi kwa kuwa limesemwa; hukubaliwa likiisha kupimwa. Na tuipime kazi moja tuone.

Jua letu hutetema. Mwaka 1960 Robert Leighton wa Marekani aligundua kuwa uso wake hupanda na kushuka kila baada ya dakika 5 hivi. Mitetemo hiyo yatokana na mawimbi ya sauti yapitayo ndani yake, nayo hutuarifu hali ya tumbo la Jua, kama vile mlio wa chungu kigongwacho umwarifuvyo mnunuzi kwamba ni kizima au kina ufa.

Je, nyota nazo? Mwaka 1995 Hans Kjeldsen, Timothy Bedding na wenzao walitangaza njia mpya. Wimbi libanapo gesi ya nyota, joto huzidi, liilegezapo, hupungua. Katika Jua, badiliko la mtetemo mmoja halifiki hata sehemu moja katika mia ya digrii. Lakini nuru ikitandazwa kwa rangi zake kama upinde wa mvua, huonekana mistari myeusi ya haidrojeni, na katika nyota za namna ya Jua mistari hiyo hukolea joto lipandapo. Wataalamu hao waliipima mistari kwa kuilinganisha na nuru iliyo kando yake, ya nyota ile ile. Hivyo hewa ya dunia, ififishayo yote pamoja, haikuwapotosha sana. Kwa siku 6, wakitumia darubini ya kisiwa cha La Palma, walipiga picha zaidi ya 12,000 za nuru ya nyota Eta Bootis, wakasema yatetema kwa muda wa dakika 20 hivi.

Sifa yao ya kwanza ni kwamba walikijaribu kipimo chao kwa nuru ya Jua itokayo mbingu ya mchana, nayo mitetemo ya dakika 5 ikaonekana. Kasoro yao ni kuwa shahidi alikuwa mmoja, na kila kulipopambazuka ushahidi wake ulikatika.

Mwaka 1997 kundi la Timothy Brown lilipima mwendo wa uso wa nyota hiyo, lisione kitu. Je, wewe ungehukumu nini? Ungekosea kumwita wa kwanza mwongo, na ungekosea pia kumpuuza wa pili. Kutoona si uthibitisho wa kutokuwapo, wala kuona mara moja si uthibitisho wa kuwapo. Mwaka 2003 vipimo vipya vya mwendo viliionyesha mitetemo ile ile.

Basi, kijana, usiwasifu wa 1995 kwa sababu tu walipata. Wasifu kwa sababu walieleza wazi jinsi walivyopima, hata mpinzani akaweza kuwajaribu. Asemaye neno lisiloweza kujaribiwa hana kosa la kuonyeshwa, wala hana elimu ya kutoa.