Silabi Inayomezwa: Uhakiki wa Mjadala wa Analojia na Dijitali katika Studio za Nyumbani

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uchanganyaji wa sauti kwa meza ya analojia na kwa kompyuta umeendeshwa kwa muda mrefu kama ubishi wa ladha. Upande mmoja hudai kwamba kanda ya sumaku ina uhai ambao kompyuta haina. Upande wa pili hujibu kwamba kompyuta imewafungulia mlango vijana wasioweza kulipia studio kubwa. Pande zote mbili zina hoja, lakini zimeliacha kando swali linalowahusu wanaisimu na watunga sera: je, maneno yanasikika? Makala hii inahakiki mjadala huo kwa kutumia kipimo cha silabi ya Kiswahili.

2.0 Kinachodaiwa na Kinachopimika

Tofauti ya mifumo hii miwili ni ya kweli. Kanda inapopewa sauti kubwa kupita kiasi huzidiwa hatua kwa hatua, na sikio huipokea hali hiyo kama ulaini. Mfumo wa dijitali ukifikia ukomo wake hukata kilele cha wimbi ghafla, na sauti hukwaruza. Kwa upande mwingine, kanda ina mchakacho wake wa kudumu, ilhali urekodi wa biti 24 una nafasi ya kinadharia ya takribani desibeli 144 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Desturi ya kurekodi kwa kiwango cha juu ilizaliwa ili kuushinda mchakacho huo. Ikihamishiwa kwenye kompyuta, hubaki na madhara bila faida.

Wanaotukuza analojia hutaja rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park, ambamo sauti ya mwimbaji husimama wazi juu ya magitaa. Ushahidi huo ni mzuri, ila hitimisho lake lina kasoro. Bendi iliyozoea kumbi za dansi iliingia studioni ikiwa imeshajua mahali pa kumpisha mwimbaji. Uwazi huo ulitokana na mpangilio wa muziki zaidi kuliko kanda yenyewe.

3.0 Silabi Inayomezwa

Kiswahili kina silabi isiyo na irabu: *m* ya *mtu*, *mke* na *mpenzi*. Katika arudhi huhesabiwa kuwa mizani kamili. *Mpenzi* ni mizani tatu, *penzi* ni mbili. Katika sarufi hubeba ngeli au yambwa. *Napenda* na *nampenda* hutofautiana kwa sauti hiyo tu. Lakini kifizikia ni dhaifu: nguvu yake kubwa iko katika masafa ya chini, yaliyo jirani na besi.

Studio ya nyumbani huihatarisha sauti hii kwa namna mbili. Kwanza, chumba kisichozuia sauti huingiza feni, jogoo na mvua juu ya bati. Mtayarishaji huziba kelele hizo kwa lango la kelele, yaani programu inayonyamazisha kila sauti iliyo chini ya kiwango fulani. Lango likiwekwa juu mno, *m* iliyo mwanzoni mwa mshororo hunyamazishwa, na sauti hufunguka kwenye *p*. *Mpenzi* anakuwa *penzi*. Pili, mdundo wenye besi nzito huifunika *m* ya katikati ya neno, na *nampenda* ikasikika kama *napenda*.

Inaweza kupingwa kwamba msikilizaji hukisia kutokana na muktadha. Ni kweli kwa mzawa wa lugha. Hali ni tofauti kwa kijana wa Bujumbura au Kigali anayejifunza Kiswahili kupitia nyimbo, na kwa mtafiti anayenukuu maneno kwa ajili ya kongoo. Kwao, silabi iliyomezwa ni kosa la sarufi linaloingia katika kumbukumbu.

Lawama hii haiiangukii dijitali yenyewe, kwa kuwa malango ya kelele yalikuwapo pia katika studio za analojia. Tatizo ni uamuzi unaofanywa bila kuisikiliza lugha. Blanketi zito ukutani na kipaza sauti kilicho karibu na mdomo huiokoa *m* kuliko meza ya bei kubwa.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021, ubora wa sauti zinazokibeba ni suala la sera. Mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yaandae istilahi na mwongozo mfupi wa urekodi kwa watayarishaji wa nyumbani. Pili, misaada ya umma kwa wasanii iambatane na sharti la kuhifadhi matini ya wimbo pamoja na rekodi. Tatu, kanda za zamani za redio zihamishwe kwa kiwango kisichopungua biti 24 na kilohezi 48, na nakala mama isisafishwe mchakacho. Programu inayoondoa mchakacho inaweza kuondoka na *m* ileile, na kanda ikishaharibika hakutakuwa na mahali pa kuirudisha.