Shukrani kwa Tiro, Mwandishi wa Cicero

Barua zaidi ya 900 za Cicero, mwanasiasa wa Roma ya kale, na wenzake zimetufikia, na shukrani zangu za kwanza zinamwendea Tiro. Alikuwa mtumwa wa nyumba ya Cicero, akaachwa huru mwaka 53 KK, lakini kalamu hakuiweka chini. Bwana alisema, yeye akaandika na kutunza. Mwaka 44 KK Cicero alimweleza rafiki yake Atticus kwamba Tiro anazo barua kama 70.

Barua hizo zilipita mikononi mwa watu, maana Roma haikuwa na posta ya watu binafsi. Matajiri walituma watumwa wao, au walimkabidhi msafiri karatasi ya mafunjo iliyofungwa uzi na kupigwa muhuri.

Mwaka 50 KK Tiro aliugua, akabaki Patrae, Ugiriki. Cicero, aliyewahi kuwa konsuli, cheo cha juu cha Roma, alimwandikia barua baada ya barua akimsihi asipande chombo kabla hajapona. Hapo ndipo ninapozipenda barua hizi zaidi: mkubwa yule anamhofia msaidizi wake kama jamaa.

Cicero aliuawa mwaka 43 KK. Lakini barua zilidumu: mwaka 1345 mshairi Mwitalia Petrarca alikuta mjini Verona nakala ya zile ambazo Cicero alimwandikia Atticus.