"Kiwango", "Hali" na "Ubora" wa Maisha

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo ovyo katika tafsiri za taarifa za serikali na mashirika ni tatu hizi: "kiwango cha maisha", "hali ya maisha" na "ubora wa maisha". Aghalabu mfasiri huzibadilishana ndani ya aya moja, kana kwamba anakwepa tu kurudia neno. Twaona kosa hili si la mtindo, kwa kuwa mikoa hulinganishwa, na mahitaji yake hukadiriwa, kwa maneno hayo.

Kiwango hutaka kipimo kimoja. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Chini ya mstari huo walikuwamo asilimia 8 ya watu wa Dar es Salaam, na asilimia 45 ya wale wa Rukwa. Hapo "kiwango" limekaa mahali pake. Lakini taarifa ikidai, kwa hesabu hiyo hiyo, kwamba "ubora wa maisha" wa mkoa mmoja umeuzidi wa mwingine, imetaja jambo lisilopimwa.

Iringa yatupa ushahidi. Ni mkoa wa mahindi, nao huwalisha wengine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wake wenye umri chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa na mtoto hakui: hiyo ni hali, wala mstari wa shilingi hauionyeshi.

Neno "mjini" nalo halijasalimika. Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa, chini ya mlima, panapochepuka barabara ya kupanda mjini kutoka barabara kuu iendayo Mbeya. Kwa mujibu wa mipaka ya manispaa, mkazi wake yumo mjini. Mwenyewe akienda sokoni husema anapanda mjini. Tafsiri ya haki ingekuwa "maeneo yaliyohesabiwa kuwa ya mijini", ijapokuwa ni ndefu na haipendezi masikioni.

Tunashauri basi "kiwango" litumike kwa mapato na matumizi. "Hali" kwa afya, maji, makazi na elimu. Na "ubora" pale tu wananchi wenyewe walipoulizwa wayaonaje maisha yao. Tangu kaulimbiu ya uchaguzi ya mwaka 2005 iliyoahidi maisha bora kwa kila Mtanzania, msikilizaji husikia ahadi ndani ya neno hilo. "Ustawi", lipendwalo na baadhi ya wafasiri, tunalihofia: maofisa wa ustawi wa jamii walikwisha kulichukua zamani.