Istilahi za sayansi zipitie kwanza kwenye tanuri la matofali

Leo nahakiki tafsiri fupi, kurasa tatu tu, iliyoandaliwa na mwalimu mmoja wa fizikia katika Kaunti ya Nyamira kwa ajili ya wanafunzi wake wa chama cha sayansi. Ameniruhusu niijadili hadharani mradi nisimtaje jina. Mada yenyewe ni namna wanasayansi wanavyopima kauri zinazofaa kuwa elektrodi za jenereta za magnetohaidrodainamiki. Neno hilo refu kama treni ya mizigo lisikutishe, mpenzi msomaji. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza.

Jenereta ya kawaida huzungusha nyaya karibu na sumaku ili kuzalisha umeme. Hii nyingine haina kitu kinachozunguka. Gesi yenye moto mkali, takriban nyuzi 2,500 za Selsiasi, husukumwa kwa kasi ndani ya mfereji uliozungukwa na sumaku. Kwa kuwa gesi hiyo imepata ayoni, inapitisha umeme, na mkondo wake huchukuliwa na elektrodi zilizopangwa kwenye kuta za mfereji. Wazo hilo ni kongwe. Mnamo 1832 Michael Faraday alitumbukiza mabamba ya metali katika mto Thames, kwenye daraja la Waterloo jijini London, akitarajia kunasa umeme wa maji yanayopita katika usumaku wa dunia. Hakupata jibu la kuridhisha. Katika miaka ya 1970 Marekani na Umoja wa Kisovieti, mahasimu wakubwa wa wakati huo, walishirikiana hata elektrodi za Wamarekani zikapimwa katika mtambo wa U-02 mjini Moscow. Tatizo lilikuwa moja kwao wote: ni kitu gani kitakachokaa ukutani mwa moto kama huo kisiyeyuke, kisipasuke, kisiliwe, na bado kipitishe umeme?

Mgala muue na haki yake mpe. Mwalimu huyu amethubutu. Wengi wetu tumekubali kimyakimya kwamba Kiswahili ni cha mashairi na hotuba, na Kiingereza ni cha maabara. Yeye amekataa. Sentensi zake zinatembea, na ameacha "elektrodi" na "plasma" zikae kama zilivyo, uamuzi ambao nauunga mkono. Hata hivyo, kuna mahali ambapo tafsiri inateleza, na utelezi huo si wake peke yake. Ni ugonjwa wa watafsiri wetu wengi.

Tuanze na "mwili wa kijani". Katika ukurasa wa kwanza anaandika kwamba unga wa kauri hushindiliwa "kuwa mwili wa kijani" kisha huingizwa katika tanuri. Msomaji atadhani kauri ina rangi ya majani ya chai. Kumbe Waingereza hutumia neno lao la kijani hapo kwa maana ya kitu ambacho hakijaiva, kama vile tunda. Sasa, nenda popote Kisii au Nyamira panapochomwa matofali. Udongo uliofinyangwa na kuanikwa, ambao haujaonja moto, unaitwaje? Tofali bichi. Likishatoka motoni likiwa sawasawa, limeiva. Mchoma matofali halazimiki kufungua kamusi yoyote ili aseme hivyo. Basi kauri ambayo haijachomwa ni kauri mbichi, na iliyochomwa ikakomaa ni kauri iliyoiva. Neno tunalo, tena wanafunzi wa mwalimu huyu hulisikia kila wakipita karibu na tanuri njiani kwenda shule.

Na "kuiva" hapa si tashbihi ya kupamba. Linataja tukio ambalo sayansi inalihitaji. Kauri inapochomwa vizuri, chembe zake hushikana na matundu kati yake hupungua, bila kitu chote kuyeyuka. Mwalimu ametumia "kuyeyushwa" kwa tukio hilo, akaharibu maana kabisa. Kauri ikiyeyuka, kazi imekwisha. Ikiiva, ndiyo imeanza.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika aya kadhaa "kauri" imekuwa "vyombo vya udongo", na mahali pamoja imeelezwa kuwa kitu "kisichopitisha umeme". Siwezi kumlaumu sana. Kamusi zetu hulipa neno kauri maana mbili: kombe la pwani, na udongo mweupe laini wa kutengenezea sahani na vikombe. Anayeanzia hapo ataishia mezani, na atakumbuka pia vile vikombe vyeupe vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za stima, ambavyo kazi yake hasa ni kuzuia umeme usipite. Lakini basi aya nzima inajipinga. Elektrodi isiyopitisha umeme ni ya nini?

Ukweli ni kwamba zipo kauri za kila aina. Chukua jiwe lile laini ambalo magazeti huliita jiwe la sabuni. Watu wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hulichonga kwa panga na visu, kisha hulipiga msasa kwa maji mpaka ling'are. Mawe ya jamii hiyo yenye ulanga mwingi hutumiwa viwandani kwa namna nyingine: huchongwa yakiwa laini au husagwa na kufinyangwa, halafu huchomwa mpaka yawe magumu, yakawa vizuizi vizuri vya umeme. Hiyo ni kauri. Chukua sasa zirkonia iliyochanganywa na itria. Ikiwa baridi, huzuia umeme. Ikipata joto kali, huupitisha. Mjerumani Walther Nernst aliitumia tabia hiyo kutengeneza taa mwishoni mwa karne ya 19, na taa ile ilibidi ipashwe moto kwanza ndipo iwake. Hiyo nayo ni kauri, na ndiyo iliyopimwa kwa ajili ya elektrodi tunazozizungumzia. Kinachoziunganisha hizi mbili si sahani wala umeme. Ni moto: kitu kisicho metali kilichopewa umbo na kuiva kwa moto. Wahariri wa kamusi wangeongeza maana hiyo ya tatu, mwalimu wa Nyamira asingepotea njia.

Yapo mengine madogomadogo. "Gesi hupandwa mbegu ya potasiamu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kinachofanyika ni kutia chumvi ya potasiamu kidogo ili gesi ipitishe umeme kwa urahisi. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: kukoleza. Twakoleza chumvi, twakoleza moto. Gesi hii imekolezwa kwa chumvi ya potasiamu, na hakuna mpishi asiyeelewa. "Mshtuko wa joto" nao wanifanya nimwonee kauri huruma, eti imeshtuka. Semeni tu kuwa kauri hupasuka ikipashwa moto au kupozwa ghafla. Ama "kutu ya kauri", hapana. Kauri haipati kutu. Huliwa na chumvi ile ile ya potasiamu pamoja na takataka za makaa ya mawe yaliyochomwa. Kuliwa latosha.

Lipo pia neno "mtihani". Mwalimu ameandika kwamba kauri "hufanyiwa mtihani". Labda ni mazoea ya kazi yake. Lakini mtihani una kufaulu na kuanguka. Kauri hizi hupimwa: hupashwa moto na kupozwa mara nyingi, hukaguliwa kama zina nyufa, na ukinzani wake hupimwa zikiwa bado motoni. Matokeo yake ni kiasi, kwa mfano imeliwa unene gani kwa saa ngapi. Mchoma matofali anayegonganisha matofali mawili na kusikiliza mlio wake anajua tofauti hiyo. Mlio mkali huonyesha limeiva. Mlio mzito huonyesha bado, au lina ufa ndani.

Nawasikia wenzangu wa vyuo wakiguna. Watasema istilahi ya kisayansi inahitaji neno lenye maana moja, na "kuiva" tayari kunamilikiwa na ndizi, wali na jipu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Neno la kijani la Waingereza nalo lina kazi lukuki, na wahandisi wao hawachanganyikiwi, kwa sababu uwanja wa matumizi huibana maana. Neno geni kabisa lina hatari yake: mwanafunzi hulikariri bila kuona chochote. Pale ambapo hatuna neno, tukope bila aibu, kama tulivyofanya na elektrodi. Pale ambapo mafundi wetu wanalo, kulipita na kwenda kutafsiri sitiari za watu wengine ni kuwaambia kwamba ujuzi wao si elimu.

Na hapo ndipo penye uchungu. Katiba ya 2010 imeifanya lugha hii kuwa rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mtoto wa mchoma matofali akiingia darasa la fizikia huambiwa, bila kutamkwa, kwamba aache lugha ya nyumbani mlangoni. Tafsiri mbovu humthibitishia hivyo. Akisoma "mwili wa kijani" atasema, unaona, Kiswahili hakiwezi.

Hebu mwalimu ajaribu hivi: "Unga wa zirkonia hushindiliwa ukawa kauri mbichi, kisha huchomwa hadi uive. Kauri hiyo huwekwa penye gesi iliyokolezwa kwa potasiamu, ikapimwa inapitisha umeme kiasi gani na inaliwa kwa kasi gani, na hukaguliwa kama imepasuka baada ya kupozwa." Kisha, kabla hajazigawa kurasa hizo darasani, amsomee mchoma matofali yeyote wa jirani. Panapomkwaza, pafutwe, paandikwe upya.