Kuhamishia Kituruki Kipimo cha Kutojizuia Mtandaoni

Kutojizuia mtandaoni ni hali ya mtu kusema au kutenda katika intaneti mambo ambayo asingethubutu ana kwa ana. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alitaja sababu zake sita, zikiwemo kutojulikana, kutoonekana, kutojibiwa papo hapo na kufifia kwa mamlaka. Alitofautisha pia pande mbili: upande mwema, ambapo mtu hufunguka na kueleza ya moyoni, na upande wa sumu, wa matusi na vitisho. Mwaka 2014 Reinis Udris alichapisha kipimo cha hali hiyo, kilichotokana na utafiti wa uonevu wa mtandaoni miongoni mwa wanafunzi wa sekondari nchini Japani. Kina kauli 11: saba za upande mwema, nne za upande wa sumu.

Kukihamishia Kituruki huanza kwa ruhusa ya mtunzi na kibali cha kamati ya maadili. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha matini zao huunganishwa kuwa moja. Mtafsiri wa tatu, ambaye hajaiona asili, huirudisha matini hiyo katika lugha ya asili, na jopo hulinganisha tafsiri yake na kipimo cha asili. Utaratibu huu wa tafsiri rejeshi ulienezwa na Richard Brislin kuanzia mwaka 1970.

Tafsiri rejeshi haigundui kila kasoro. Kituruki, kama Kiswahili, hubeba ukanushi ndani ya kitenzi kwa kiambishi kifupi, na msomaji mwenye haraka anaweza kukiruka. Aidha, Kituruki hutofautisha “sen” ya mtu wa karibu na “siz” ya heshima au ya watu wengi. Kauli inayodai kwamba mtandaoni mtu anaweza kufanya apendavyo hulazimu uchaguzi: kumwambia mhojiwa moja kwa moja, au kusema juu ya watu kwa jumla. La kwanza linaweza kusikika kama shutuma. Kwa hiyo kundi dogo la walengwa huombwa kueleza kwa maneno yao walivyoielewa kila kauli kabla dodoso halijasambazwa.

Takwimu za sampuli kubwa ndizo huamua kama umbo la pande mbili limebaki. Uchanganuzi thibitishi wa vipengele hupima kama kauli saba zinakaa pamoja na nne zikakaa pamoja. Kwa vigezo vilivyopendekezwa na Hu na Bentler mwaka 1999, CFI, faharasa ya jinsi umbo hilo linavyoafikiana na majibu, hutakiwa kukaribia 0.95 au kuzidi, na RMSEA, faharasa ya kosa la mwafaka huo, kukaribia 0.06 au kupungua. Kauli za sumu huleta tatizo mahususi: wahojiwa wengi huzikana, hivyo majibu hurundikana chini ya mizani. Njia za ukokotoaji zinazodhani kwamba majibu yametawanyika kwa ulinganifu zitapotosha matokeo, na zinazoyachukua majibu kama ngazi za mpangilio hufaa zaidi.

Uthabiti hupimwa kwa alfa ya Cronbach, ambayo kwa desturi hutakiwa kufika 0.70. Alfa hupungua kauli zikiwa chache, kwa hiyo ile ya upande wa sumu haipaswi kuhukumiwa bila kukumbuka kwamba inatokana na kauli nne tu. Kujaza dodoso tena baada ya wiki kadhaa huonyesha kama alama hazibadiliki ovyo. Halafu alama za sumu hulinganishwa na kipimo cha uonevu wa mtandaoni. Zisipohusiana nacho, uhalali wa kipimo kilichotafsiriwa una shaka.

Hatua ya mwisho ni kuhakiki kama kipimo kinafanya kazi sawasawa kwa wanaume na wanawake, na kwa vijana na watu wazima. Bila uhakiki huo, tofauti ya wastani kati ya makundi inaweza kuwa tofauti ya usomaji wa kauli tu. Kwa sababu hiyo, tafsiri nzuri peke yake haitoshi kukiita kipimo kuwa cha Kituruki. Kinastahili jina hilo kikishathibitishwa kwa majibu ya wasemaji wenyewe.