Uzi wa Sentimita 60

Vituo vilivyochorwa kwenye ramani ni vingi kuliko muda mliopewa, na hilo si kosa la aliyeviweka. Ameviweka makusudi ili viwashinde. Katika matembezi ya jioni ya kutafuta vituo, yenye wapenzi wengi mjini Melbourne, timu ya watu wawili hadi watano hupewa ramani ya karatasi, saa mbili hivi za kutembea, na vituo 30 au zaidi vyenye pointi tofauti. Hakuna mpangilio wa kuvifuata, njia haikuchorwa, na hakuna anayetarajiwa kuvimaliza. Mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Methali ya mtaka yote imegeuzwa hapa kuwa kanuni ya mchezo, na ufundi wote umo katika kujua cha kuacha.

Mchezo mama unaitwa rogaini. Ulizaliwa jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1976, na jina lake liliunganishwa kutokana na majina ya waasisi watatu: Rod Phillips, Gail Davis na Neil Phillips. Mizizi yake inakwenda nyuma zaidi, kwa kuwa klabu ya wapanda milima ya Chuo Kikuu cha Melbourne ilikuwa ikiandaa matembezi ya saa 24 tangu 1947. Hata leo mashindano makubwa, ukiwemo ubingwa wa dunia ulioanza 1992, ni ya saa 24: timu huondoka adhuhuri, hukesha porini, hurudi adhuhuri ya pili. Wanaokesha hivyo nawavulia kofia, ila mimi niachieni jioni. Katika saa 24, miguu na usingizi huamua mengi. Katika saa mbili, watu wametoka kazini na viatu vya mazoezi kwenye begi, kinachoamua ni kichwa.

Jambo la kwanza linalomshangaza aliyekulia karibu na ikweta ni jua. Mwishoni mwa Desemba jua la Melbourne huzama kwenye saa tatu kasorobo usiku, kwa hiyo timu zikiondoka saa kumi na mbili na nusu zitasoma ramani kwa mwanga wa mchana mpaka zinapomaliza. Tena jua lenyewe halifiki utosini hata katikati ya kiangazi. Likiwa juu kabisa, liko upande wa kaskazini. Sisi tuliozoea kuliona likihama, miezi fulani kaskazini na mingine kusini, inatuchukua muda kuliamini.

Vifaa ni vichache. Kutafuta njia kwa chombo cha satelaiti kumepigwa marufuku. Simu inakaa begini kwa ajili ya dharura tu. Zinabaki ramani, dira, saa ya mkononi, kalamu ya rangi na uzi. Na hapo kwenye uzi, aliyesoma jiografia ya sekondari Kenya au Tanzania hatajiona mgeni. Anakumbuka kipande cha ramani ya 1:50,000 kwenye mtihani, mto unaojipindapinda, na uzi uliolazwa juu yake taratibu kisha ukanyooshwa kwenye skeli. Wengi wetu tuliuacha uzi ule chumba cha mtihani tukidhani tumeagana nao.

Tuseme ramani ya jioni hii ni ya 1:15,000. Timu inayotembea kwa bidii bila kukimbia huenda kilomita tano kwa saa. Ondoa muda wa kusimama, kubishana, kuandika majibu na kusubiri taa za barabarani. Kilomita tisa kwa saa mbili ni makadirio ya haki. Kwenye ramani hiyo kilomita tisa ni sentimita 60. Kata uzi wa urefu huo, kutanisha ncha zake pale penye mwanzo na mwisho, zibane kwa kidole gumba, halafu anza kuupitisha kwenye vituo. Mara nyingi namba ya kituo ndiyo inayotaja thamani yake: cha 74 kina pointi 70, cha 91 kina 90. Basi ukiuvuta uzi kaskazini kufuata ile 91, upande wa kusini unakaza na kuvitema vituo vitatu ulivyokuwa umeviweka kibindoni. Ukivirudisha, 91 inabaki nje. Dakika kumi za kuusukuma uzi huku na huku zina raha ambayo watu wanaokwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia hawaijui.

Uzi lakini haujui kupanda mlima. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo; kwa vipimo vyetu ni kama dakika 10 za ziada kwa kila meta 100 za kupanda. Kwa hiyo mistari ya kontua ikisongamana, kata kipande cha uzi.

Chukua eneo la Yarra Bend, si mbali na katikati ya jiji, ambako mto Yarra unajikunja kiasi cha kumchanganya mtu. Vituo viwili vinaweza kuwa sentimita moja na nusu tu kwenye ramani. Macho yanasema dakika tatu. Lakini katikati yake kuna mto, kimoja kiko ng'ambo hii na kingine ng'ambo ile, na ukitafuta pa kuvukia unakuta daraja la kamba za chuma la waenda kwa miguu, Kanes Bridge, au unakwenda mpaka daraja la magari la Johnston Street. Upande wa Kew kingo zimeinuka, na njia za msituni hazinyooki. Magharibi ya mto, kule Collingwood, mitaa imekatana kwa pembe mraba, ardhi ni tambarare, na kuna vichochoro vilivyotandikwa mawe meusi ambavyo humkatia mtu njia kati ya nyumba. Vituo vya huko ni vya bei ndogo. Mtaani wala hakuna bendera ya rangi ya machungwa na nyeupe kama ya porini, kuna swali. Nguzo hii ya umeme ina namba gani? Kibao kile kinataja mwaka gani? Unaandika jibu, unaondoka.

Sasa piga hesabu kama mtu aliyeingia sokoni na noti moja. Kuifuata 91 ng'ambo ya mto na kurudi ni dakika 35. Kwa dakika hizohizo Collingwood inakupa vituo vitano vya pointi 20 na 30, jumla 130. Ile 91 inang'aa, na timu changa huiendea kwa sababu inang'aa. Lakini hesabu inaweza kugeuka: ukishavuka kwa ajili ya 91, huenda kuna 62 na 83 njia moja nayo, na safari nzima ikawa na faida. Kituo hakina thamani peke yake. Thamani yake ni majirani zake.

Kuhusu timu, ushauri wangu kwa anayeanza ni wawili au watatu. Watano ni baraza. Sheria inataka wote waende pamoja, hivyo mwendo upangwe kwa miguu ya aliye taratibu zaidi, na upangwe kabla ya kuondoka, si baada ya yeye kuachwa nyuma mara mbili. Mmoja ashike ramani, ameikunja ibaki sehemu inayohitajika, ameigeuza ifuate mwelekeo wanaokwenda, kidole gumba kikiwa pale walipo. Mwingine ashike saa na asiogope kuitaja. Na kabla ya kila kituo mtu aulize: tukipitiliza, nini kitatuambia? Kijito, reli, barabara ya lami. Swali la "tuko wapi?" limechelewa tayari linapoulizwa.

Nusu saa ya mwisho ndiyo inayowatenganisha wazoefu na wageni. Katika matembezi mengi, kila dakika ya kuchelewa inakatwa pointi 10, na ukizidi nusu saa matokeo yako hayahesabiwi. Mzoefu hupanga mkia wa vituo vidogo karibu na mwisho, ambavyo anaweza kuvizoa au kuviruka bila kuumia. Jua likishazama, popo wakubwa wanaoishi kando ya Yarra huanza kuruka kwenda kutafuta chakula, maelfu kwa maelfu, na mgeni bado yuko kilimani anasema kimoja tu zaidi.

Baadaye kuna chakula, na mezani ramani zinatandazwa karibu na soseji. Hapo ndipo utamu ulipo, kuliko hata matokeo. Huyu anaonyesha alivyovuka mapema, yule anaapa kwamba vichochoro vilimwokoa, na kila timu imetembea mji tofauti kwenye karatasi ileile. Aliyeweka vituo amekaa pembeni anasikiliza. Yeye naye ni fundi: alitembea njia hizi zote kabla yenu, akasogeza 91 meta mia mbili ili isiwe rahisi mno wala bure. Mkimwuliza kwa nini aliiweka pale, atachukua kalamu na kuanza kuchora njia ambayo hakuna timu iliyoiona.