Usiung'oe Mche Mdogo

Mama mwenye kitalu alikunja kipande cha karatasi katikati, akamimina humo mbegu za koliasi, kisha akanikataza kupumua juu yake. Mbegu ya koliasi ni ndogo kuliko punje ya ufuta kwa mbali. Gramu moja huwa na mbegu zipatazo 3,500, na pumzi moja ya mtu asiye makini inatosha kuzipeperusha zote. Alizichanganya na kijiko kimoja cha mchanga mkavu uliochekechwa, akaanza kuigonga karatasi kwa kidole cha shahada huku akiisogeza juu ya trei, kutoka ukingo huu hadi ule, polepole, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa. Mchanga mweupe juu ya udongo mweusi ndio uliomwonyesha wapi mbegu zimeshaanguka na wapi bado.

Kitalu chake kiko kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, mahali ambapo wengi wetu husimamisha gari, tukachagua mmea wa sebuleni, tukapunguziwa bei, tukaondoka. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka. Nilidhani kila mmea wa majani ya mapambo hutokana na kipandikizi, na kweli mingi hutokana nacho. Tawi la koliasi ukilitia kwenye glasi ya maji hutoa mizizi bila shida. Kwa nini basi mtu ahangaike na mbegu zisizoonekana vizuri hata kwa macho? Swali hilo lilinirudisha pale karibu kila Jumamosi kwa miezi mitatu.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Kipandikizi, mwanangu, ni mama yake yuleyule. Mbegu ni mtoto."

Koliasi tunaijua hata tusipolijua jina lake. Ni ule mmea wa majani yenye rangi ya damu ya mzee katikati na kijani pembeni, au manjano yaliyotapakaa madoa mekundu, au waridi iliyozungukwa na zambarau. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki hadi Australia. Ukilishika shina lake utalikuta lina pembe nne, na majani yake hutoka mawilimawili yakitazamana, kama ya mrehani na kivumbasi. Ni ndugu zake hasa. Carl Linnaeus alipoieleza mwaka 1763 aliiweka katika jenasi ya Ocimum, yaani aliihesabu kuwa aina ya mrehani. Karne iliyofuata Waingereza wa enzi za Malkia Victoria waliipenda kupita kiasi, wakaizalisha kwa mbegu na kupata rangi juu ya rangi. Rangi nyingi tunazoziona leo zimetokana na watu waliosia mbegu, wakangoja, wakachagua.

Kazi huanzia kwenye udongo. Mama huyu huchanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji iliyoiva na mchanga wa mto, halafu huumwagia mchanganyiko wote maji yanayochemka na kuuacha upoe hadi kesho yake. Adui yake anaitwa kinyausi. Ni ugonjwa wa vimelea wanaokaa kwenye udongo wenye unyevu mwingi. Hushika mche pale shina linapogusana na ardhi, likawa jembamba kama uzi, na mche ukalala. Trei yenye miche mia mbili jioni inaweza kuwa na miche arobaini asubuhi. Hakuna dawa ya kuuinua mche uliokwisha kulala, ndiyo maana vita vya kinyausi hupiganwa kabla mbegu haijagusa udongo.

Kisha huja jambo linalowashinda waliozoea kupanda mahindi na maharage: mbegu ya koliasi haifukiwi. Inahitaji mwanga ili iote. Ukiifunika kwa udongo, hata ule wa unene wa ukucha, utakaa ukingoja kisichokuja. Mama aliugandamiza uso wa trei kwa kibao bapa, kwa uzito wa kiganja tu, ili mbegu zishikane na udongo bila kuzama. Hakumwagilia kwa juu. Aliiweka trei ndani ya beseni lenye maji ya vidole viwili, akangoja uso wa udongo ubadilike rangi kwa kunywa kutoka chini, akaiinua na kuiacha ichuruzike. Mwisho akaifunika kwa nailoni angavu na kuiweka chini ya mwembe, penye mwanga mwingi usio na jua kali.

Koliasi huota vizuri kwenye joto la nyuzi 21 hadi 24. Huko Ulaya anayesia mbegu hizi mwishoni mwa baridi huitandikia trei yake kikanza cha umeme. Kwetu pwani joto hilo lipo bure karibu mwaka mzima, na kazi inakuwa kulizuia lisipitilize. Kila asubuhi Mama huifunua nailoni, huikung'uta matone, huacha hewa ipite kwa dakika chache, kisha huifunika tena. Ukiisahau siku moja kwenye jua la saa saba mchana, umepika.

Siku ya kumi na moja niliona kitu kama ukungu wa kijani juu ya udongo. Ilinibidi niinamishe uso hadi karibu na trei ndipo ukungu ule ukawa miche, kila mmoja na vijani viwili vya mviringo vidogo kuliko kichwa cha pini. Vyote kijani. Nilivunjika moyo kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kutazama rangi. Mama akasema ningoje majani ya pili na ya tatu. Wiki nne zilipopita rangi zilianza kujitokeza, kwanza kama kivuli kwenye mishipa ya jani, kisha doa, kisha ukingo. Miche iliyotoka kwenye pakiti moja, ikalala kwenye trei moja na kunywa maji mamoja, ilikuwa kila mmoja na sura yake.

Hapo ndipo nilipokiona kilele cha ufundi wake. Kuhamisha miche alitumia kijiti cha chelewa kilichochongwa ncha. Alikizamisha chini ya mizizi, akauinua mche huku akiushika kwa jani, kamwe si kwa shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likipondeka hakuna la pili. Miche mikubwa yenye afya niliiona mimi mwenyewe, nikamsogezea. Midogo iliyodumaa nilitaka kuisukuma kando pamoja na uchafu.

"Hiyo usiitupe," alisema. "Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

Akanieleza, na sababu yake ni ya kisayansi kabisa. Kijani cha jani ndicho kinachonasa mwanga na kuupikia mmea chakula. Mche wenye kijani kingi hula vizuri, hukua haraka na kuwapita wenzake. Mche ambao jani lake limejaa manjano, maziwa au waridi una kijani kidogo, kwa hiyo hukua taratibu. Ukichagua kwa ukubwa, utabaki na trei ya mimea ya kijani inayofanana. Uzuri mkubwa mara nyingi umo katika ile iliyochelewa. Ndiyo maana Mama huihamisha yote, mikubwa na midogo, kila mmoja kwenye kiriba chake, na ile midogo huiweka mbele, penye mwanga mzuri zaidi, mbali na maji mengi.

Baada ya hapo ni kazi ya mkono na jicho. Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani hukatwa ncha kwa kucha ili utoe matawi ya pembeni. Ua likichomoza huondolewa, kwa sababu koliasi ikianza kuzaa mbegu huacha kujali majani yake. Katika mwezi wa tatu, mche niliotaka kuutupa ulikuwa na majani ya rangi ya papai lililoiva, yenye mishipa ya zambarau, mapana kama kiganja cha mtoto. Katika trei nzima haukuwepo wa pili.

Ipo mimea ya ndani inayodai subira kubwa zaidi. Mbegu ya areka, ule mpamu wa Madagaska unaokaa kwenye kumbi za hoteli na ofisi, husiwa ikiwa mbichi, baada ya kuondolewa nyama yake, na huweza kuchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kuchomoza. Mbegu ya monstera ikikauka hufa, hivyo huenda udongoni mara tu tunda linapoiva. Mama anazo zote mbili, kwenye trei zilizoandikwa tarehe kwa makaa, na kila asubuhi huzitazama hata siku ambazo hakuna cha kuona.

Tumezoea kumsifu aliyejenga nyumba au aliyeshona nguo, kwa kuwa kazi yake inaonekana. Anayesia mbegu hutuuzia miezi mitatu ya kuinama, kukung'uta nailoni na kulinda mche ambao mwingine angeung'oa. Utakaposimama tena kwenye kitalu cha barabarani, muulize mwenye nacho: huu umeupandikiza au umeusia? Akikwambia ameusia, usimwombe apunguze bei.